Shangazi alivyoondoka na mlima wangu mgongoni

Mimi theluji sijaiona zaidi ya ile inayoganda kwenye frija ya nyanya, lakini mwezi wa pili, joto la Mombasa limefika pale ambapo hata feni inapuliza moto, nikaamua kuchora baridi kwa rangi za mafuta. Kwenye video ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Milima ya mbali unaififiza na kuitia ubuluu, ya karibu unaikoza, na kivuli cha theluji usikitie kijivu, kitie buluu. Nikafata yote. Ukungu ndio ulionikatalia, kila nikiupaka unatoka kama povu la sabuni.

Tapentaini ikanuka nyumba nzima mpaka nyanya akaja kuuliza nani anapaka mlango. Akaitazama picha, akatulia. "Ahaa, hapa Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Chumvi hiyo, na mbuyu umepukutika." Sikubisha, maana wallahi ukiangalia vizuri ni Gongoni.

Sasa kosa langu, nilidhani kwa jua hili ukianika asubuhi, alasiri imekauka kama kanga. Kumbe mafuta ya linsidi yaliyomo kwenye rangi hizi hayakauki kama maji, yanavuta hewa polepole mpaka yagande, na mimi ile nyeupe nimeipaka nene kama siagi, siku ya sita bado mbichi na mbu wawili wamezama kwenye theluji. Nikaiegemeza kwenye kiti karibu na dirisha, kanvasi yenyewe ndogo kama sinia, upepo uipige.

Shangazi akapita kumchukua nyanya waende kwenye kupamba bi harusi huko Kibokoni, buibui mpya, udi unanukia. Akajitupa kitini bila kutazama nyuma, chai, mahamri mawili, umbea robo saa, kaegemea raha mustarehe. Mimi niko zangu jikoni.

Baadaye simu ikalia. "We mtoto! Watu wananiuliza buibui la mlima nimenunua wapi!" Wakalipeleka mferejini, sabuni na maji, ndio kwanza theluji ikasambaa mpaka mikononi.

Nikakimbilia picha. Pale katikati alipopangusa pamebaki ukungu mwembamba, laini, ule ule niliousaka wiki nzima! Aliporudi usiku nikamwonyesha, nikamwambia shangazi ona mgongo wako ulivyochora, mimi nimeshindwa kabisa.

Akautazama ukungu, akanitazama mimi.

"Buibui elfu nne," akasema. "Na ufundi wa mgongo elfu moja."