Msiwaite wakulima wa Omaha watafuta umaarufu

Juzi usiku redioni mchambuzi aliulizwa kuhusu Trump, akajibu kwamba "siasa za umaarufu" si jambo geni Marekani, zilianzishwa na wakulima wa karne ya 19, wale walioitwa Populists, ambao kwao limetoka neno la Kiingereza "populism" tunalolitafsiri hivyo. Akapita hapo, akaendelea na mengine. Mimi nililala na hasira.

Wakulima wale walikuwa wakidai ghala. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mkulima wa pamba wa majimbo ya kusini hakuwa na fedha mkononi mpaka avune. Mwenye duka alimkopesha mbegu, mbolea, unga, hata nguo za watoto, na rehani ilikuwa pamba iliyokuwa bado shambani. Bei ya mkopo ilikuwa juu kuliko ya taslimu. Mavuno yakifika wote wanauza kwa mkupuo, bei inaporomoka, deni linabaki, na mwakani anarudi kwa mwenye duka yule yule. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Nimemwona baba akirudi kutoka kuuza pamba ameshika karatasi ya makato, na fedha hakuna. Habari hii sihitaji kuelezwa mara mbili.

Ndipo mwaka 1889 Charles Macune wa Farmers' Alliance, umoja wa wakulima hao, alipokuja na mpango wake: serikali ijenge maghala, mkulima ahifadhi pamba au ngano yake humo, akopeshwe hadi asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ndogo, kisha angoje bei ipande ndipo auze. Huo ni mpango wa watu waliokaa chini wakapiga hesabu. Tarehe 4 Julai 1892, katika mji wa Omaha, Nebraska, chama chao cha People's Party kikauweka kwenye ilani, pamoja na reli kumilikiwa na serikali na kodi ya mapato inayopanda kadiri mtu anavyotajirika. Mwaka huo huo mgombea wao wa urais, James Weaver, alipata kura zaidi ya milioni moja. Kodi ya mapato iliingia kwenye katiba mwaka 1913, chama chenyewe kikiwa kimeshakufa.

Mwaka 1896 walimuunga mkono William Jennings Bryan, mgombea urais wa chama cha Democratic. Aliyemshinda ni William McKinley wa Republican, kwa fedha nyingi za makampuni makubwa. McKinley ndiye yule wa sheria ya ushuru ya 1890, ushuru uliompandishia mkulima wa pamba bei ya bidhaa za viwandani huku pamba yake ikiuzwa kwa bei ya soko la dunia. Na tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa, Trump alimsifu nani? McKinley huyo huyo, na akaamuru mlima wa Alaska urudishiwe jina lake. Mwaka 2017 alikuwa ameshasaini sheria iliyoshusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Mrithi wa Omaha hawezi kuwa na shujaa wa namna hiyo. Seneta Bernie Sanders yuko karibu nao zaidi.

Nakubali, tena kwa uchungu, kwamba hawakuwa malaika. Wakulima weusi walikuwa na Alliance yao mbali, na wachuma pamba weusi walipogoma mwaka 1891, viongozi wa Alliance ya wazungu waliwapinga. Ilani ya Omaha ilikuwa na maneno makali dhidi ya wahamiaji. Tom Watson wa Georgia, mwanasiasa wa chama chao, ambaye mwaka 1892 aliwaambia weusi na weupe kwamba wanatenganishwa ili waporwe mmoja mmoja, uzeeni aligeuka mchochezi wa chuki dhidi ya weusi na Wayahudi. Sehemu hiyo ya urithi wao naiona ikiishi leo, na inaniuma, kwa sababu hiyo ndiyo iliyookotwa, na ghala likaachwa.

Wahariri wetu, nawaomba, tafuteni neno jingine la kuwaita watu wale.