Omena Pia Ana Macho

Krismasi ya mwaka juzi, kwa wakwe zangu Kakamega, jogoo aliyekuwa akimfuata binti yangu uani aliishia sufuriani. Mtoto alikuwa na miaka saba. Sahani yake ilirudi jikoni na paja limelala vilevile. Mama mkwe, ambaye mtoto humwita kukhu, yaani bibi, akamwita kando: "Mjukuu wangu, nani amekuudhi?" Akajibu, "Hakuna, kukhu. Ni kwamba huyu namjua."

Nilidhani ni hasira ya siku mbili. Mpaka leo hajala nyama.

Kwa Waluhya kukataa kuku si jambo dogo, maana kuku ndiye heshima yenyewe ya mgeni. Tuliporudi Kisumu mambo yakageuka samaki. Kila jirani alikuwa na dawa: "Hali nyama? Basi mpe omena." Kana kwamba omena, dagaa wa Ziwa Victoria, huchumwa shambani! Binti yangu alimshika mmoja mkiani, akamtazama, akanionyesha: "Mama, ana macho."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta nyama isiyo nyama. Nilinunua vipande vya soya supamaketi, nikaviloweka, nikavikamua, nikavikaanga kwa kitunguu na nyanya hadi vikawa na rangi ya kitoweo. Mume wangu alisema ni kama kutafuna sifongo. Mtoto naye alivisukuma pembeni kwa sababu ileile iliyonifanya nivinunue: vilifanana na nyama.

Na chakula kilikuwapo siku zote. Managu na saga, mboga chungu za kienyeji, zilizolala usiku kucha kwenye maziwa mpaka uchungu ukapungua. Kunde zilizoungwa kwa njugu karanga za kusaga. Nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo mimi nimekulia. Ndengu nilikuwa nazipika vibaya miaka yote, nikizichemsha tu na chumvi, hadi mama mmoja wa Kihindi ninayenunua vitambaa kwake akaniambia nianze na jira kwenye mafuta ya moto, kitunguu kifuate. Reli ilifika hapa ziwani mwaka 1901, na Wahindi wamekuwa majirani zetu tangu enzi hizo. Wengi wao hawajui ladha ya nyama na wanalea watoto vizuri tu. Sisi tunapita nje ya jikoni zao tukisifu harufu.

Muuguzi wa kliniki hakunitisha. Alisema mayai na maziwa yasikosekane, maana vitamini B12 haipatikani kwenye maharagwe wala mboga. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Chungwa ni bora zaidi. Hilo la chai ndilo lililotushinda kwa muda mrefu, na mshindwa mkuu nilikuwa mimi.

Nisichokubali ni ushauri wa shangazi mmoja kwamba nisage omena nitie kwenye uji, "hatajua." Atajua. Na siku atakayojua, hatanyanyua tena kijiko nilichompa bila kunusa kwanza. Afadhali nipike sufuria mbili.

Desemba iliyopita kukhu alimwekea chungu chake kidogo cha kunde, na mwiko wake peke yake, ole wako uuguse kwa mchuzi. Jogoo alichinjwa pia, lakini nyuma ya nyumba, mjukuu akiwa ametumwa dukani kununua kiberiti ambacho hatukukihitaji.