Mwalimu Noti Saba

Mimi sina ugomvi na bahari. Ugomvi wangu ni na abiria 33 niliokuwa nao juu yake, na mabaharia tisa, na hasa kijana mmoja anayeitwa Issa.

Yote yaliletwa na simu ya mke wangu. Jioni moja Mama Zuhura ananisogezea kioo puani: "Baba Zuhura, hebu tazama." Natazama, naona jumba la ghorofa 20 linaelea. Meli hiyo inaitwa Icon of the Seas, ilianza kubeba watalii Januari 2024, urefu wake mita 365, ina mabwawa saba ya kuogelea na inabeba abiria mpaka 7,600. Nikamwambia hiyo si meli, hiyo ni kata yenye injini. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nimefundisha jiografia miaka 31, mdomo haujastaafu. Nikaongeza kwamba hata ingekuja Mtwara, lile gati jipya la bandari yetu lina mita 300, kwa hiyo mkia ungebaki nje kama punda aliyelazwa banda la mbuzi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi tutafute ndogo."

Na ndogo ilikuwepo. Kuna jamaa walikuwa wamebandika tangazo la "safari ya kifahari ya kifamilia": unaondoka Mtwara jioni, unaamkia Kilwa, unashinda huko, unalala, alfajiri unageuza. Kiinua mgongo changu, yaani kile kilichosalia baada ya kikokotoo cha pensheni kukipitia, kikameguka tena. Tena Septemba, mwezi ambao huku kusini hata mwenye duka anakopa, maana korosho bado ziko mtini na mnada uko mbali.

Siku ya siku tukafika bandarini na begi letu na kikapu cha Mama Zuhura. Naiona meli moja ya mizigo, ndefu, imesimama kama mtaa. Nikaanza kutembea kifua mbele. Mlinzi akaniita: "Mzee, siyo hiyo. Nyuma yake." Nikatazama nyuma yake. Naona gati. "Chini kidogo, mzee." Nikainamisha shingo, ndipo nikaiona.

Sitaki kuitukana. Ilikuwa safi. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, juu ya rangi nyeupe, juu ya rangi nyingine nyeupe, mpaka nikahisi ukiikwangua utabaki na rangi tu, chuma hamna. Mlangoni palikuwa na kibati cha kuonyesha mwaka iliyoundwa. Rangi ilikuwa imemeza tarakimu mbili za mwisho. Kibati kilisema "19", basi, mengine ujaze mwenyewe.

Nikamuuliza nahodha, kwa upole, kama chombo hiki si kizee. Akacheka. "Mwalimu, Liemba unaijua?" Mimi niulizwe Liemba! Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kuungwa upya Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924. "Basi," anasema nahodha, "na hadi leo ipo." Nikaingia ndani nikiwa natafakari kwamba sifa kubwa ya meli kongwe kuliko zote nchini ni kuwa ilishawahi kukaa miaka minane chini ya maji.

Ndani nikapokewa na Issa.

"Shikamoo Mwalimu! Hunikumbuki? Darasa la sita B. Ulinichapa viboko vinne kwa kuchora mshale wa upepo wa kusi unatoka kaskazini."

Mama Zuhura akaguna. Nikamwambia kijana, "Marahaba. Si sasa unajua inatoka wapi?"

"Najua, Mwalimu. Keshokutwa na wewe utaijua."

Nikadhani ni adabu.

Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha watu wawili, ilimradi wawili hao wawe wameoana zamani na mmoja asipumue. Kugeuka ilikuwa kwa makubaliano. Bafuni unafungua maji, meli inalala kushoto, maji yanakwenda kuoga ukuta. Ukijipaka sabuni ndipo inalala kulia, unakwenda wewe. Injini ilikuwa chini ya mto wangu. Sisemi karibu na mto. Na kuta zilikuwa za mbao nyembamba kiasi kwamba asubuhi bibi mmoja wa chumba cha jirani, sijawahi kuonana naye maishani, alinipa pole ya kisukari.

Hiyo ndiyo "kifamilia" waliyoitangaza. Kwenye meli ndogo kila mtu ni ndugu yako kabla hujamaliza kufungua begi. Mama Zuhura alikuwa peponi. Kufikia saa mbili usiku alishajua nani anaoza binti, nani ana kesi ya shamba, na nani amekimbia mchango wa harusi kwa kupanda hii meli. Nahodha alikuja mezani na kumwita kwa jina. Sasa mwanamke aliyeitwa kwa jina na nahodha utamwambia nini tena kuhusu injini?

Usiku ule wa kwanza bahari ilikuwa bibi harusi. Tulikuwa tunakwenda kaskazini, kusi inatusukuma mgongoni, chombo kinateleza. Wali wa nazi ukaja, pweza akaja, na mimi, Mungu anisamehe, nikaja. Nikaanza kuwahadithia wale vijana habari za meli za zamani. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika yakishika, barabara ya Dar haipitiki, basi linalala kwenye tope mpaka abiria wanazoeana, na kusini yote tunakuwa kisiwa. Mwenye haraka apande meli. Nilipanda mara mbili. Nikawaeleza tulivyolala juu ya magunia na mbuzi, mawimbi kama nyumba, wanaume wazima wanalia, na mimi nimesimama kule omo, mbele kabisa ya meli, nakula embe.

Ile embe ni kweli niliila. Kama ilikaa tumboni au haikukaa, hakuna aliyeniuliza.

Kilwa sina la kusema sana. Tulivushwa kwa boti mpaka Kisiwani, tukaona msikiti mkuu na magofu, nikawakumbusha kwamba Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 na akausifu mji. Kama alitapika njiani, hakuandika. Mtu mwenye akili.

Tukageuza saa kumi alfajiri.

Sasa wewe fikiria. Kusi ile ile iliyokuwa inakusukuma mgongoni, leo unaikuta uso kwa uso. Jua lilipotoka meli ilishaanza kwenda mrama: inapanda, inasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni, halafu inashuka yote kwa mpigo na tumbo lako linabaki juu. Nikamwita Issa, nikamuuliza kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa lile tangazo lake la upepo mkali na mawimbi ya kuzidi mita mbili kwa mikoa ya Lindi na Mtwara.

"Hamna, Mwalimu. Leo shwari."

Hii ndiyo shwari! Nikakaa kwenye benchi la sitaha, nikafumba macho, nikawa nasoma dua na majina ya mito ya Tanzania kwa zamu. Pembeni yangu Mama Zuhura amefungua kikapu, anamenya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, na kugawia watu. Harufu inanijia kwa awamu.

Katika hali hiyo, macho nimefumba, nikamsikia Issa anapita na kutangaza: "Wazee wangu, kasi imepungua, sasa tunakwenda noti saba!"

Na mimi, mwalimu wa jiografia, mtu aliyeandika ubaoni mara mia kwamba maili ya bahari ni mita 1,852 na noti moja ni maili hiyo moja kwa saa, nikachomoa pochi na kufoka: "Noti saba za nini tena? Si tulilipa zote bandarini?"

Kukawa kimya. Hata injini nadhani ilisita. Halafu sitaha nzima ikapasuka.

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kuwaambia noti saba ni kama kilomita 13 kwa saa, kwamba bodaboda wa Mikindani angetupita amebeba kitanda. Nikafumbua mdomo ili niseme hayo, na kilichotoka hakikuwa hayo.

Issa alileta ndoo. Hakucheka, angecheka ningemsamehe. Alinishika bega kwa heshima zote, akachora mshale hewani kwa kidole, polepole, kama mtu aliye mbele ya ubao. "Mwalimu, geukia huku. Kusi inatoka kule."

Tulipofika usawa wa Lindi mtu akapiga kelele: "Nyangumi!" Hawa nyangumi wanatoka baridi ya Antaktika, maelfu ya kilomita, kuja kuzaa kwenye maji yetu ya vuguvugu. Nimewafundisha miaka 31 na sijawahi kumwona hata mmoja. Watu wote wakakimbilia upande wa kulia. Meli ndogo bwana, watu 33 wakihama upande ni mzigo: kulia kukashuka, kushoto kukapanda, na mimi nikabaki huko juu peke yangu, nimekumbatia ndoo kama mtoto mchanga, natazama mawingu. Mpaka wanarudi, nyangumi keshazama.

Mama Zuhura alimrekodi. Video ni nzuri sana. Nyangumi anapanda, anapuliza, kisha inasikika sauti moja nzito ya kutisha, na watu wote walioiona mtaani wanaamini ni ya nyangumi. Naomba ibaki hivyo.

Ndiyo maana naitetea ile meli ya watu 7,600 niliyoitukana. Humo mtu unakwenda ghorofa ya kumi na mbili, unatafuta kona, unateseka kwa heshima, unarudi mezani umenawa uso, nani anakujua? Mwanamume anahitaji umati. Mimi nilitapika mbele ya ukoo.

Tuliposhuka Mtwara jioni, mlinzi wa getini akaniambia, "Pole, mzee." Nani alimpigia simu? Nikakaa ndani siku mbili, ya tatu nikajitosa kijiweni, hapa Chikongola, kama vile hakuna kitu. Nikaagiza kahawa. Sina chenji, nikatoa elfu tano. Muuza kahawa akaipokea, akainyanyua juu wote waione, akaihesabu kwa sauti, "Moja," kisha akanikazia macho.

"Bado sita, Mwalimu."