Wifi, hiyo soksi si hirizi

Jumapili saa mbili asubuhi wifi yangu alipiga hodi bila taarifa, kama ilivyo haki yake, na kitu cha kwanza alichokiona mezani ni soksi nyeupe ya shule ya mwanangu, imejazwa mchele na kufungwa fundo.

Aliinyanyua kwa vidole viwili. Akainusa.

"Mama Zuhura, hii nini?"

Kwa jinsi Tanga tunavyosemwa na watu wa bara, hata mimi ningeuliza. Nikamwambia ni ya kupashia moto lenzi ya kamera ninayopigia picha za nyota. Akaitua polepole, mbali na kikombe chake. Halafu macho yakamwenda jikoni, ambako sufuria ya wali wa Ijumaa ilikuwa imekauka na ukoko wake, sahani za jana zimelala kwenye beseni. Yakarudi sebuleni, kwenye nguo zilizofuliwa na kurundikwa juu ya kochi kama kichuguu. Akashusha pumzi. Nikajua linakuja.

"Mwanamke mazingira, wifi yangu."

Akanywa chai yangu, akala maandazi yangu, akaaga. Mimi nimebaki na lile neno limenikwama kooni kama mwiba wa changu, ndiyo maana leo mnanisoma.

Habari za soksi mnaonifuata siku nyingi mnazijua. Kaskazi hii hewa ya kwetu unaweza kuikamua kama nguo. Kamera ikikaa uani nusu saa lenzi inatoka jasho, nyota zote zinageuka pamba. Wenye fedha wanauziwa mikanda ya umeme ya kuvalisha lenzi. Mimi nakaanga mchele kidogo kwenye kikaango kikavu, naumimina kwenye soksi, naizungushia shingoni mwa lenzi, na joto linanitosha dakika 40 hivi. Kwa nini soksi ya shule? Ndefu. Kwa nini moja tu? Mwenzake hajaonekana tangu shule zifunguliwe.

Na dakika 40 ndizo ninazozihitaji, kwa sababu Jumamosi ile nilikuwa na miadi na Jabari.

Mwishoni mwa Januari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, Jabari, lile kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion, anakuwa utosini. Sisemi kwa kupamba maneno. Ile nebula, yaani wingu linalong'aa, iliyo kwenye upanga wake ipo nyuzi 5 na ushei kusini mwa ikweta ya mbingu, na sisi Tanga mjini tupo nyuzi 5 na nukta kusini mwa ikweta ya dunia. Mtu akishusha timazi kutoka kule, inakuja kutua huku kwetu. Haya, kwa hesabu za mwenye roho mbaya itatua karibu zaidi na Pangani. Lakini kwa kitu ambacho mwanga wake umesafiri miaka 1,300 hivi kutufikia, Pangani na Chumbageni yote ni uani kwangu, katikati ya kamba ya nguo na karo. Mwanga huo ulipoanza safari, msikiti wa Tongoni ambao leo tunapeleka wageni kuona magofu yake haukuwa hata wazo kichwani mwa mtu. Watu wa Ulaya wanaitazama nebula hiyohiyo kwa mshazari, imepita kwenye hewa nene ya upeo, na bado wanajigamba. Sisi inatupita juu ya kichwa, pale hewa ilipo nyembamba kuliko pote, na tupo ndani tunatazama tamthilia.

Kamera yangu ni Canon ya mtumba na lenzi ya milimita 50. Kila picha naipa sekunde 6, si zaidi, maana dunia inazunguka na stendi yangu haizunguki. Ukizidisha, nyota zinavutika kama uzi wa tambi. (Vile vyombo vya kufuata nyota msinitajie. Unatakiwa ukielekeze sambamba na mhimili wa dunia, na kwetu ncha ya kusini ya mbingu ipo nyuzi 5 tu juu ya upeo, nyuma ya mwarobaini wa jirani, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu kiasi cha kukutia machozi. Nyota ya kaskazini wanayoisifia kwenye maelekezo iko chini ya upeo. Nilikiazima kimoja wiki mbili nikakirudisha.)

Picha moja ya sekunde 6 ni takataka. Nyeusi, ina chenga tupu. Lakini Jumamosi nilipiga 412. Zikirundikwa pamoja na programu, mwanga wa kweli unakaa palepale na chenga zinaruka ovyo, mara huku mara kule, kwa hiyo zinafutana. Ni kupepeta tu, jamani. Mchele unabaki kwenye ungo. Kwa picha 412 chenga zinafifia kama mara 20, na pale palipokuwa na kidoa cheupe linatokea ua, lina mbawa, lina waridi pembeni na moyo unaowaka ambamo nyota zinazaliwa. Nililiona likijitokeza kwenye kioo cha kompyuta saa nane usiku, na sioni aibu kusema nililia kidogo. Juzi yake luku iliisha ikiwa imefika picha ya 380, na kompyuta yangu betri ilishakufa zamani. Pia nililia, ila kwa namna nyingine.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. 412 mara sekunde 6 ni dakika 41 na kitu. Kamera ikishaanza inajipiga yenyewe, mimi sina kazi zaidi ya kuisogeza kidogo Jabari anapohama. Ningeweza kuosha vyombo. Karo lipo hatua nne kutoka kwenye stendi. Ningeweza kukunja nguo, kuloweka sufuria, kumtafutia Salimu soksi ya pili.

Sioshi. Nalala chali kwenye mkeka.

Hicho ndicho wifi asichokijua, na angekijua angenisema zaidi: kwamba vyombo sikuvisahau. Nilivitazama, navyo vikanitazama, nikaenda zangu kulala chini ya Jabari. Kutwa nasimama darasani, jioni nasimama jikoni, Jumamosi asubuhi nimeinama kwenye beseni la nguo. Kazi za nyumbani haziishi, hilo kila mwanamke analijua. Sahani uliyoiosha sasa hivi ni sahani itakayochafuka saa saba mchana. Ukisema "nimalize kwanza ndipo nitoke nje", hutatoka. Hutatoka mwezi huu wala mwaka huu, utatolewa siku moja umebebwa. Na mbingu haikungoji. Siku za giza, zisizo na mwezi, ni chache, mawingu yanazifuta nyingine, na ikifika Mei Jabari anazama na jua.

Kaka yake huyohuyo wifi, ambaye ndiye mume wangu, Jumamosi ileile alikuwa kibanda umiza akitazama mpira wa Uingereza mpaka karibu saa sita. Akarudi, akala, akaacha sahani mezani yenye mifupa ya kibua imepangwa pembeni vizuri kama kaburi la watoto wa paka. Hiyo sahani ilikuwa mojawapo ya zile za kwenye beseni. Mbona sijasikia "mwanamume mazingira"? Sijaiona hata kwenye kanga, na kanga zimeandikwa kila kitu. Na nimtendee haki: yeye mwenyewe hajawahi kunisema. Ndiye anayenibebea mkeka, na siku moja alizima taa ya nje bila kuombwa. Wanaonisema ni wanawake wenzangu, tena wale waliochoka kuliko mimi.

Nataka niwasimulie habari ya Caroline Herschel, mwanamke mtazama nyota wa zamani. Yeye na kaka yake William, Wajerumani waliohamia mji wa Bath kule Uingereza, waligeuza nyumba ya kuishi kuwa karakana ya darubini. William alikuwa na tabia ya kutoinua mkono kwenye kioo anachokisugua. Safari moja alikaa saa 16, na Caroline akawa anamtilia chakula mdomoni tonge kwa tonge. Mwaka 1781 wakataka kusubu kioo kikubwa cha madini nyumbani. Kalibu lilitengenezwa kwa samadi ya farasi. Mnadhani nani aliitwanga na kuichekecha samadi hiyo? Siku ya kumimina, madini ya moto yakavuja, yakamwagika kwenye sakafu ya mawe, mawe yakapasuka na kuruka hadi darini, wanaume wakatoka mbio kila mmoja mlango wake. Wifi, hiyo ndiyo fujo ya nyumbani. Mimi nina soksi ya mchele.

Na katika nyumba za namna hiyo Caroline alipata vipi nafasi ya kutazama vya kwake? Kwa kuiba usiku. Mwaka 1783 akaiona galaksi ambayo leo ni namba 253 kwenye NGC, orodha ya galaksi na nebula, ile ndefu kama ngalawa inayopita juu kwetu miezi ya vuli. Mwaka 1786 akagundua nyota yake ya kwanza yenye mkia, na mnajua kaka yake alikuwa wapi? Safarini. Hakuwepo wa kulishwa tonge. Mwanamke amepata nyumba tulivu kidogo tu, tayari kagundua kitu. Kabla ya kufa alikuwa amegundua nane, na mfalme alianza kumlipa mshahara mwaka 1787.

Charles Messier naye, Mfaransa ambaye orodha yake tunaitumia wote (Jabari ana namba 42, na Kilimia chetu ni namba 45), alikesha miaka na miaka akitafuta nyota zenye mikia, na orodha aliiandika ya vitu vinavyomsumbua njiani. Sijasoma popote kwamba kuna mtu aliwahi kumuuliza nani ameosha vyombo.

Mengine wifi aliyoyasema nitayajibu harakaharaka. "Hizo picha si zipo bure, za darubini ya James Webb?" Zipo, ni nzuri kupita kiasi, na picha za bahari pia zipo, mbona tunakwenda Raskazone? "Basi na wewe mnajimu, nitazamie nyota yangu." Nyota yako ni jua, wifi, limekuunguza mpaka ukaja kwangu asubuhi. "Hiyo rangi umetia." Hapa alinigusa. Sikutia. Ule wekundu ni wa haidrojeni, upo kule kule, isipokuwa jicho letu usiku halioni rangi kwenye mwanga mdogo, na kamera zenyewe zina kichujio kinachoukata sehemu kubwa. Nilichofanya ni kuunyanyua ule uliobaki. Wewe ukichuja tui la pili utasema umetia nazi?

Nikubali yangu, maana mtaniandikia. Wifi hakukosea kila kitu. Sufuria ya Ijumaa kufika Jumapili ni aibu, sina utetezi. Mchele wa soksi unaita sisimizi, na asubuhi ile walikuwa wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye kamera. Masika iliyopita niliihifadhi lenzi yangu nyingine kabatini katikati ya kanga, kwenye unyevu, na sasa ina kuvu ndani kama utando wa buibui. Fundi aliitazama akacheka. Mwanamke wa mazingira asingefanya hivyo. Na Jumatatu Salimu alikwenda shule na soksi moja nyeupe na moja ya kijivu, akarudi na ujumbe kutoka kwa mwalimu. Mwalimu mwenzangu! Huo ujumbe niliusoma mara mbili, nikautia kwenye droo ya betri.

Picha ya Jabari nimeichapisha kubwa, ipo ukutani sebuleni, juu kidogo ya kichuguu cha nguo. Zuhura ana miaka tisa. Jana alisimama mbele yake, akaniuliza kama ile ni moto au ni maji. Nikamwambia ni gesi na vumbi. Akageuka akatazama chini ya kochi, akasema, "Vumbi kama letu?"

Giza lijalo linaanza wiki ijayo. Nalijua kwa wavuvi wa dagaa, wameshaanza kutengeneza karabai zao. Wifi, najua unasoma, binti yako hukupelekea kila nikiandikacho. Karibu sana. Ila usije saa mbili asubuhi, njoo saa tatu usiku, mkeka ninao. Vyombo utavikuta palepale. Na ukiiona soksi imelala shingoni mwa kamera usiinuse, itakuwa ya moto.