Mtumwa Aliyeondolewa Jukwaani

Tarehe 27 Septemba 1889, miezi 16 baada ya Brazili kufuta utumwa, Rio de Janeiro ilitazama kwa mara ya kwanza opera ya Mbrazili Carlos Gomes, Lo schiavo, yaani Mtumwa. Mtunzi aliitunuku kwa Binti Mfalme Isabel, aliyetia saini sheria ya 13 Mei 1888. Watumwa wa opera hiyo ni Watamoio, wenyeji wa pwani ya Brazili, na mwaka ni 1567. Mwafrika hayumo, na wakosoaji wanauliza kwa nini.

Watetezi wa Gomes wana hoja. Wareno waliwatia utumwani wenyeji kweli, na Watamoio walipigana nao miaka mingi. Gomes mwenyewe alijipatia umaarufu katika La Scala, jumba la opera la Milano, mwaka 1870 kwa opera yenye shujaa wa aina hiyo, na Waitalia walimzoea hivyo. Kisha wanaongeza kwamba si haki kumpima mtu wa karne ya 19 kwa mizani ya leo.

Hapo ndipo wakosoaji wanapoonewa. Mizani hiyo si ya leo. Rafiki yake Taunay, aliyebuni kisa, alikiweka mwaka 1801 na watumwa wake walikuwa weusi. Kilipofika Italia, kwa Rodolfo Paravicini aliyeandika maneno ya kuimbwa, ndipo wakageuzwa. Anayemdai Mwafrika leo anadai kilichokuwapo tangu mwanzo. Wala jukwaa la Italia si kisingizio: La Scala ilimpokea Aida, mtumwa wa Kihabeshi katika opera ya Verdi, mwaka 1872.

Waafrika walioteremshwa hai katika bara zima la Amerika ni takriban milioni 10.7. Karibu milioni 5 kati yao walishushwa Brazili. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila nikiirudia inanielemea zaidi: zaidi ya wanne katika kila kumi, halafu opera ya kusherehekea uhuru wao haina nafasi hata ya mmoja.

Kisa chenyewe kinazidisha. Anayewafungua watumwa ni mwanamke wa tabaka la juu, Countess de Boissy, kwa huruma yake. Iberê, mtumwa mwenyewe, anajiua ili mtoto wa bwana wake aondoke salama na Ilàra, mtumwa anayempenda. Uhuru unaonekana zawadi. Lakini mjini São Paulo, Luís Gama, aliyeuzwa utotoni na baba yake mzazi, alikuwa amewakomboa mamia ya watu mahakamani kabla ya kufa mwaka 1882, na kufikia 1887 maelfu walikuwa wakiyahama mashamba ya kahawa kwa miguu yao wenyewe. Isabel alitia saini jambo lililokwisha kuanza kutekelezwa na watumwa.

Na muziki sina ugomvi nao. Alvorada, mapambazuko yanayopigwa na okestra katika tendo la nne, ni kati ya kazi nzuri kabisa za Gomes, na ningesikitika kuona opera hii inafungiwa kabatini. Ipigwe. Ila kijitabu anachopewa mtazamaji mlangoni kianze na kisa cha Taunay, mwaka 1801, na watu wake weusi.