Nauli ya sikukuu na reli iliyolala

Kila tunapokaribia sikukuu, steji ya Kisumu inageuka mnada. Juzi nilifika alfajiri nikienda Nakuru na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Nauli ya shilingi 700 ilikuwa imefika 1,500. Kufikia saa tatu asubuhi, makanga yuleyule alikuwa anaitisha 1,800. Tukalipa. Ungefanya nini na mzee aliyesimama juani tangu saa kumi na moja? Halafu wakatubana wanne kwenye kiti cha watatu, mama akakunja miguu hadi Kericho.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba reli ipo. Ilifika hapa ziwani mwaka 1901, kabla barabara hii haijawekwa lami. Inapita Muhoroni, Fort Ternan, Londiani, Molo, Njoro, na treni moja hubeba abiria wa matatu nyingi kwa safari moja. Mama anaikumbuka: ungenyoosha miguu, ungeenda msalani, mtoto angelala. Mwaka 2021 reli hiyo ya zamani ilikarabatiwa, treni ya abiria ikarudi Kisumu, tukashangilia, lakini si ya kila siku.

Ile mpya ya SGR, reli ya kisasa yenye njia pana zaidi, ilianza Mombasa hadi Nairobi 2017, ikasogezwa upande wa Naivasha 2019. Mjadala ukianza, tunaambiwa abiria hawaleti faida, mizigo ndiyo inayolipa. Sasa barabara ya lami inaleta faida gani kwenye daftari? Mbona hiyo hatuiulizi? Sisi wa magharibi tunataka treni ya kila siku, yenye nauli isiyopanda kwa sababu ni Krismasi.