Misalaba mitatu nyuma ya Lumumba

Vijana wa parokia moja huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, walituonyesha Lumumba, filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2000 kuhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, juu ya shuka lililotundikwa ukutani. Lumumba na wenzake, Mpolo na Okito, walipopelekwa porini usiku kupigwa risasi, maman mmoja nyuma yangu akafanya ishara ya msalaba. Taa zilipowashwa, papa katekista akauliza: "Nani mwingine aliuawa pamoja na wawili?" Tukaitikia wote, kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Mchezo huo si mgeni. Wamarekani wameshamwona Yesu ndani ya E.T., kiumbe wa angani wa filamu ya 1982, anayeponya kwa kidole, anakufa, anaamka na kupaa zake. Na ndani ya John Coffey, mfungwa wa filamu The Green Mile (1999), eti kwa sababu majina yake yanaanza na J na C. Kwa kipimo hicho, hata fundi wa karate akipigwa sana atakuwa Masiya.

Kwa Lumumba, lakini, sicheki haraka. Lubumbashi haikungoja sinema: miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa hapa, alichora kifo hicho na misalaba mitatu. Watu hao waliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji wetu, kisha miili ikafukuliwa, ikakatwakatwa, ikayeyushwa kwa asidi. Matanga bila maiti, bila kaburi, utayashikiza wapi kama si kwenye habari uliyoijua tangu ubatizo? Hapo katekista ana haki.

Tunaachana mbele kidogo. Yesu alipanda Yerusalemu akijua kinachomngoja. Lumumba alikamatwa Desemba 1960 akikimbilia Stanleyville (leo Kisangani), alitaka kuishi. Halafu kifo cha Kristo, kwa imani yetu, kilikuwa lazima. Hiki kilikuwa lazima kwa nani? Ukishakiita sadaka, askari wa Katanga, maofisa wa Kibelgiji, Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na mawaziri wake wanageuka kina Pilato, watu wa kutimiza maandiko tu. Na mji huu una sababu ya kupenda hivyo, maana babu zetu wengi walimpigia Tshombe makofi. Kulia Kalvari ni rahisi kuliko kumuuliza babu alisimama upande gani. Hata kaburi tupu si moja: la Yesu ni Habari Njema, la Lumumba ni ushahidi uliofutwa. Kilichorudishwa na Ubelgiji mwaka 2022 ni jino.

Nilimwambia katekista haya tukikunja shuka. "Mwanangu," akanijibu, "wewe unatafuta wauaji, mimi namtafuta Bwana."

Usiku nikafungua ule mchoro wa Tshibumba kwenye simu. Misalaba iko mbali, nyuma kabisa. Mbele wamelala watu watatu, na damu.